Nyongeza ya Mwanahawa

Watu wa Tabora wakimtaja marehemu Twalibu Shomari husema, "Yule karani mnyoofu." Wanamsifu. Mimi nikilisikia neno hilo hunyamaza, kwa sababu mchele wake wa kupima aliununua kwangu, na ninajua unyoofu huo ulimfikisha wapi, yeye na mimi. Kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo anayetafuta maneno ya mapambo aende kwingine. Nitaeleza yaliyotokea, na nikifika mahali pa kukasirika nitakasirika.

Naitwa Batuli. Nimeuza nafaka sokoni tangu mume wangu alipofariki, mwaka wa pili baada ya Uhuru. Kipimo changu ni kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo na kusuguliwa lisije likamkata mtu. Ukilijaza mchele na kusawazisha kwa kiganja unapata gramu mia tisa. Habari za gramu sikuwa nazijua, Twalibu ndiye aliyenipimia. Nilichojua mimi ni kwamba kopo likishajaa na kusawazishwa biashara imekwisha, na baada ya biashara inakuja nyongeza.

Hiyo nyongeza lazima niieleze, maana vijana wa siku hizi wanauziwa kwa mizani na hawajui walichokosa. Muuzaji akishamimina kopo kwenye kapu la mteja, huchota tena kidogo kwa mkono na kutupia juu. Mpita njia hupata nusu kiganja. Mteja wa siku zote hupata kiganja kizima. Mwenye mgonjwa nyumbani, aliyejifungua, aliyefiwa, huyo hupata kwa kadiri ya moyo wako na gunia lako. Haisemwi. Muuzaji hasemi "pokea na hii," wala mnunuzi hasemi "ahsante," kwa sababu ukishukuru umekwisha kuigeuza sadaka, na mtu wa Tabora mwenye haya zake hapokei sadaka mchana kweupe mbele za watu. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi tulitoa huku macho yakiangalia pengine.

Twalibu alikuwa mtu mrefu, mkavu, suruali ya kazini imepigwa pasi mpaka inang'aa magotini. Alikuwa na sababu ya kuheshimu vipimo. Babu yake alikuwa mpagazi, mmoja wa Wanyamwezi waliobeba pembe za ndovu kutoka Ujiji, wakapumzika hapa Tabora, wakaendelea hadi Bagamoyo. Posho yao ilikuwa kibaba kimoja kwa siku. Katika ukoo wao husimuliwa kwamba safari moja mkuu wa msafara alimimina nta ndani ya kibaba, kikawa kirefu kwa nje na kifupi kwa ndani, na babu huyo akamzika mdogo wake porini kabla hawajafika Ugogo. Habari hiyo Twalibu alinisimulia mara kumi kama si kumi na mbili. Mwaka wa Uhuru alipoajiriwa kuwa karani wa bei na kukabidhiwa mzani wa serikali wenye mawe ya shaba, aliniambia alikwenda nyuma ya ofisi akalia.

Baiskeli ya ofisi hakuipanda kwa shughuli ya nyumbani hata siku moja. Alitembea kwa miguu kutoka ofisini Kanyenye hadi kwake Itetemia huku baiskeli imefungwa kufuli. Penseli ya serikali ililala serikalini. Alikuwa pia na sharti kwamba karani asinunue chakula cha nyumbani kwake kwa muuzaji anayempima, asije akapendelewa. Kwa hiyo chakula chake kilitoka duka la ushirika, na sote tunakumbuka duka la ushirika lilikuwa na nini miaka ile baada ya vita vya Kagera: foleni na unga wa njano, ule tuliouita unga wa yanga. Mkewe Mwanahawa alikuwa akimtania, "Mume wangu akisinzia ofisini akaota ndoto, ndoto yenyewe huiacha hukohuko."

Mwanahawa alikuwa shoga yangu. Tulikaa benchi moja kwenye kisomo, na alimaliza kitabu cha kwanza mimi nikiwa bado nagombana na herufi. Hawakujaliwa mtoto. Alikuwa mnene, mwenye kicheko cha kumfanya mwalimu apoteze mstari. Mwishoni mwa mwaka wa sabini na tisa alianza kuumwa tumbo, wakaona uvimbe, Twalibu akampandisha treni hadi Dar es Salaam akapasuliwa. Akiba yote ya ukarani ikaishia kwenye nauli na dawa. Alirudi nusu ya alivyoondoka. Daktari alisema dawa atakazomeza ni kali, na hataziweza kwa tumbo tupu. Ale chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, uji wa mchele, karanga za kusagwa, mchuzi wa maharage. Akila atavumilia dawa, asipokula zitamshinda. Maneno hayo alinieleza Mwanahawa mwenyewe, na Tabora nzima iliyajua kabla ya Ijumaa.

Wanawake wa Itetemia wakachanga debe la unga na kuku wawili, wakapeleka. Twalibu akavirudisha, kwa adabu, nyumba kwa nyumba. "Nina mshahara," akasema. "Siku nikikwama nitasema." Hakusema. Nasi sokoni tulipoona hivyo hatukufanya kikao wala hatukukonyezana. Mkono tu uliongezeka uzito.

Mwezi wa pili mwaka wa themanini akaja bibi mmoja kutoka Dar es Salaam, mtaalamu wa takwimu, jina lake Pelagia. Twalibu alimleta hadi kwenye meza yangu akiwa amechangamka kuliko nilivyopata kumwona tangu mkewe augue.

"Shikamoo, mama," Pelagia akanisalimu.

"Marahaba, mwanangu. Umefika salama?"

Hata hajajibu vizuri, Twalibu akaingilia. "Shemeji, sikiliza jambo hili. Ulimwengu unapima kila nchi inazalisha kiasi gani, ipi tajiri, ipi maskini. Sisi wanatupimaje? Wanachukua shilingi zetu wanazigeuza dola kwa kiwango cha benki. Dola moja, shilingi nane. Wanaona mkulima wa Goweko kwa mwaka mzima kapata dola mia na ushei, wanashangaa, mtu huyu anaishije?"

"Hata mimi nashangaa anaishije," nikasema.

Pelagia alicheka. "Anaishi, mama, kwa sababu dola moja kwao haifanyi kazi ya shilingi nane hapa. Kule kwa dola moja kinyozi hakugusi kichwa. Hapa kwa shilingi nane ananyolewa baba na wanawe watatu. Kwa hiyo sasa tunapanga kapu moja kwa nchi nyingi. Mchele kilo moja, maharage kilo moja, shati la pamba, kunyoa nywele. Tunauliza, kapu hili hapa ni shilingi ngapi, na kule ni dola ngapi? Tukilinganisha kapu kwa kapu ndipo tutajua shilingi inanunua nini hasa, na nchi inazalisha kiasi gani hasa."

"Kibaba kisicho na nta," Twalibu akasema polepole.

"Na mkishajua, mchele utaongezeka?" nikauliza.

"Hapana, mama," Pelagia akajibu, na kwa jibu lile nilimpenda. "Ila hatutaonekana maskini kuliko tulivyo."

"Kwani kuonekana kunashibisha?"

Twalibu alinitazama kwa huruma, jinsi msomi anavyomtazama muuza mchele. Akaeleza kwamba atanunua kwangu kila Jumanne, kopo moja, kama mteja yeyote, kwa bei ninayowauzia watu. Maharage atanunua kwa Flavia, karanga kwa Mwanamkuu. Akishanunua atapima alichopewa, si alichoambiwa, atagawanya bei kwa uzito na kupata bei ya kilo. Masharti mengine waliyasema ofisini, mimi sikuyasikia.

Hivyo ndivyo Jumanne zilivyoanza. Alikuja saa tatu asubuhi na kapu lake la ukindu, ananitolea shilingi saba, namjazia kopo, nasawazisha, namimina. Kisha nachota kwa mikono miwili iliyounganishwa na kutupia juu, nikimwuliza habari za mvua. Alikuwa akitazama daftari lake. Flavia alifanya vivyo hivyo kwenye maharage, na Mwanamkuu, mchoyo aliyejulikana soko zima, alimwaga karanga mpaka nikamtania kwamba leo kaamka na mkono wa mtu mwingine.

Tulijua anakwenda kuupima. Aliniambia mwenyewe. Lakini akilini mwetu mchele ukishapimwa unapikwa. Nani duniani atapima mchele mweupe, nyumbani ana mgonjwa, kisha asiupike?

Mwezi wa nane, Ijumaa moja baada ya alasiri, nilikwenda Itetemia kumtazama Mwanahawa. Alikuwa amelala kitanda cha kamba barazani, kanga imemzidi. Mwanajuma, dada yake Twalibu aliyekuja kumwuguza, alikuwa uani akisonga ugali wa njano. Tukazungumza ya kisomo, akacheka kidogo, halafu akanivuta mkono.

"Shoga, nikwambie kitu usinicheke. Natamani uji wa mchele mpaka nauota."

Jumanne ile ile mumewe alikuwa ameondoka mezani kwangu na zaidi ya kilo. Nikatazama uani, nikamwona Mwanajuma na mwiko wake, na shetani akanipitia. Nikasema moyoni, kumbe ni wifi. Mchele wetu anawapikia wanawe au anauuza, na mgonjwa anatupiwa unga wa yanga. Unajua mambo ya mawifi yalivyo; kwa mtu kama mimi dhana ile haikuhitaji ushahidi. Na kuuliza sikuuliza. Mgonjwa haulizwi amekula nini, ni kuifunua sufuria ya nyumba ya watu. Yeye naye hakusema hakuna mchele nyumbani, kwa sababu mke haitangazi sufuria ya mumewe.

Jumatatu nilipika uji kwenye chungu kidogo, nikautia karanga za kutwanga na sukari niliyoiweka kwa ajili ya Idi. Nikaufunika kwa kanga, nikaenda saa ambayo Twalibu yuko kazini na Mwanajuma kaenda kisimani. Mwanahawa aliunywa wote. Akapitisha kidole ndani ya chungu, akakilamba, akaangua kicheko chake cha zamani, halafu machozi yakamtoka.

"Twalibu asijue," akasema. "Ataona ameshindwa kunilisha. Niapie."

"Shoga, uji tu jamani."

"Niapie, Batuli. Na usilete tena. Mtu akitaka kunivunjia mume wangu anipe chakula asichokileta yeye."

Nikaapa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeapa kutopeleka uji, Jumanne iliyofuata nilichota mara tatu badala ya moja. Karibu nusu kopo la ziada, kila wiki, kwa shilingi zile zile saba. Nilikuwa nakula hasara na sikujali. Nilisema hata wifi akiiba nusu, nusu itamfikia.

Mwezi wa tisa Twalibu alinisomea barua. Dar es Salaam wanaipongeza Tabora. Bei ya vyakula mikoani inapanda, ila ya Tabora inashuka, mchele umefika shilingi tano kwa kilo, sawasawa na bei ya serikali. Nilistaajabu, maana mimi nilikuwa nauza kopo shilingi saba na jirani zangu hivyo hivyo, na serikali ilikuwa inatuita walanguzi kwa bei hiyo. Nikadhani ndizo hesabu za wasomi. Watu husema kuuliza si ujinga. Siku ile niliona aibu kuonekana mjinga, nikapima mchele, nikachota mara tatu.

Mwanahawa alifariki mwanzoni mwa mvua, mwezi wa kumi na moja. Mimi ni mmoja wa waliomwosha. Hakukuwa na kitu. Nilipomgeuza nilimgeuza peke yangu, kwa mkono mmoja, yule aliyekuwa akijaza benchi. Daktari alikuwa amesema kweli, dawa zilimshinda. Nikawa nammiminia maji huku namtafuta Mwanajuma kwa macho mlangoni, nina maneno yake tayari, nikayazuia kwa ajili ya maiti.

Twalibu alirudi kazini baada ya siku saba. Jumanne akaja na kapu lake, saa tatu. Tulimpa pole. Nikajaza kopo, nikasawazisha, nikamimina, nikatupia kiganja kimoja kama kwa mteja yeyote. Nyumba ile haikuwa tena na mgonjwa. Hakuna aliyeniamuru, na Flavia na Mwanamkuu sikuwaambia, lakini nao walifanya vile vile.

Haikupita saa moja alirudi. Alikuwa ameubeba mzani wa serikali mikononi, mawe ya shaba yanagongana mfukoni. Akautua mezani kwangu, akamimina mchele kwenye sahani mbele ya soko zima.

"Batuli!" Hakuniita shemeji. "Unanipunja."

Watu wakageuka. Miaka ile neno hilo halikuwa la mchezo, mgambo alikuwa amesimama hatua ishirini kutoka pale.

"Wiki ya mwisho kabla ya msiba kopo lako lilitoa gramu elfu moja na mia nne," akasema. "Leo mia tisa na hamsini. Shilingi saba zile zile! Kilo imeruka kutoka tano mpaka saba na senti thelathini na saba. Na Flavia hivyo hivyo, na Mwanamkuu hivyo hivyo. Mke wangu hajamaliza siku kumi kaburini, nanyi mmeshakubaliana kunifanya mjinga?" Akalinyakua kopo langu, akaingiza vidole ndani, akawa anapapasa chini. Nilielewa anachotafuta. Alikuwa anatafuta nta.

Mimi kwa hasira sijambo. Miaka kumi na saba sokoni hakuna aliyewahi kuniita mpunjaji.

"Toa mkono wako kwenye kopo langu, Twalibu. Hakuna nta humo. Kopo ni lile lile. Kilichopungua ni nyongeza ya Mwanahawa."

"Nyongeza gani?"

"Ya mgonjwa! Ulitaka tukuletee nyumbani uirudishe kama ulivyorudisha debe la unga? Tuliipitishia hapa, kila Jumanne, mbele ya macho yako. Amekufa, nyongeza ya mgonjwa imekwisha. Umeniuliza, nimekujibu. Sasa mimi nakuuliza. Dada yako aliupeleka wapi mchele wangu? Maana Mwanahawa amekufa anatamani uji."

Aliacha kupapasa. Kopo likamtoka mkononi, likabingirika chini ya meza.

"Mwanajuma hajapata kuuona," akasema. "Uko ofisini."

"Ofisini unafanya nini?"

"Ni sampuli. Niliambiwa kila nikipima niutie kwenye mfuko, niandike tarehe, niuweke mpaka Ndugu Pelagia arudi baada ya miezi mitatu kuukagua kwa mzani wake. Hakurudi. Hawana petroli. Si mali yangu, shemeji. Ni mali ya umma."

Akakaa juu ya gunia langu la mchele, na Flavia akaangua kilio. Mimi sikulia. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nilimwita jina ambalo halistahili mtu aliyefiwa, na mpaka leo kuna usiku nalitamani lirudi kinywani. Majuto ni mjukuu. Kwa sababu nusu ya kosa ni yangu. Nilikuwa nimekaa na mgonjwa ana kwa ana, ameniambia anatamani uji, na neno moja tu, "Kwani mchele wa Jumanne?" lingetosha. Nililinda adabu. Yeye alilinda mali ya umma. Mwanahawa alimlinda mumewe. Tulikuwa watu wazuri sana sote.

Kesho yake jioni Twalibu alikuja nyumbani kwangu amejitwika gunia. Ndani mlikuwa na mifuko ya karatasi thelathini na minane, kila mmoja una tarehe na uzito kwa mwandiko wake mzuri wa wino. Karibu mwaka mzima mchele huo ulikuwa umekaa ndani ya kabati la chuma, hatua nne kutoka kiti chake. Kibali hakuwa nacho. Ndiyo mara pekee ninayoijua ya Twalibu Shomari kuchukua kitu cha serikali bila kibali.

"Arobaini yake inakuja," akasema. "Naomba mnipikie huu."

Tulikaa na Mwanajuma uani Itetemia siku mbili tunapepeta wadudu kwenye ungo. Hapo nikamwomba radhi, nikamweleza nilivyomdhania. Akaacha kupepeta.

"Dada Batuli, mimi nilimwona kaka sokoni mara ngapi, kapu limejaa mchele, na nyumbani haufiki. Nikasema ana mwanamke mwingine anayemlisha."

Sikumwuliza kama dhana hiyo alimwambia Mwanahawa. Niliogopa jibu.

Siku ya arobaini watu walikula wakasifu wali. Twalibu aliwagawia kwa mkono wake, sinia baada ya sinia, mwenyewe hakuonja punje. Kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuandika barua Dar es Salaam, kwamba bei za mchele, maharage na karanga alizotuma mwaka ule si bei, zifutwe. Pelagia alikuja mwenyewe mwaka uliofuata, amekonda na yeye, akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema haziwezi kufutwa. Zimeshachanganywa na za mikoa mingine, zimeshakwenda nje, zimeshaingia kwenye hesabu ya nchi.

"Na zinasema nini?" nikamwuliza, maana mkutano ulikuwa mezani kwangu.

"Bei ikiwa ndogo, mama, inaonekana shilingi inanunua zaidi. Watu wanaonekana wanakula zaidi."

Nikamwambia aende zake, na alikwenda, na nasikitika kwa hilo pia, maana aliyekuwa na kosa dogo kuliko wote pale ni yeye.

Twalibu hakuoa tena. Aliomba ahamishwe idara ya bei, wakampeleka masjala akawa anapanga majalada. Siku hizo akawa ananunua kwangu chakula chake mwenyewe, robo kopo, nusu kopo, chakula cha mtu mmoja. Nilipokuwa nachota nyongeza alitandaza kiganja juu ya mdomo wa kapu. "Linatosha, shemeji." Punje zilimwangukia mgongoni mwa mkono na kumwagika chini, kuku wakadonoa.

Mwaka wa themanini na tano aliugua, figo, akawa hatoki ndani. Safari hii sikumwuliza mtu. Nilipika uji wa mchele kwenye chungu kile kile, nikauchukua wazi, bila kanga juu yake, nikapita nao mtaa mzima wa Itetemia watu wakiona. Nikamkalisha, nikamshikia bakuli.

"Sina haja, shemeji," akasema.

"Sikukuuliza haja yako. Kunywa."

Akanywa kidogo. Akalitazama bakuli.

"Ungepikwa hivi," akasema. "Angepata hata mara moja, Batuli. Mara moja tu."

Nilikuwa nimeapa kwa Mungu, na kiapo nilikuwa nimekishika miaka mitano. Nikakivunja.

"Alipata," nikasema. "Jumatatu moja, mwezi wa nane. Nilimletea ukiwa kazini. Chungu ni hiki hiki."

Aligeuza uso polepole. "Aliunywa?"

"Wote. Akapitisha kidole ndani akalamba. Akacheka."

"Alicheka?"

"Kile kicheko chake. Alinikataza kukwambia, alisema utaona umeshindwa kumlisha."

Twalibu alilia, mzee mzima, mabega yanaruka, nami nikaacha alie. Kisha akanyoosha mikono miwili akalichukua bakuli mwenyewe. Nilikaa pale pale kwenye kigoda nikimtazama mpaka akamaliza.